Ziara ya Mizuka Katika Nyumba ya Kale ya Mombasa: Mwongozo wa Usiku Mmoja

Nyumba ya kale ya Mji wa Kale haihitaji mtu aliyejifunika shuka na kujificha nyuma ya mlango. Mgeni anapovuka kizingiti saa 2:30 usiku, kandili moja ikiwaka mbele yake na mlango ukirudishwa nyuma, unene wa ukuta wenyewe humfanya ashushe sauti. Kazi ya mwongozaji ni kuiacha nyumba iseme, asiiongezee uongo, na ahesabu watu wake. Haya yafuatayo ni kwa kundi la watu 12, ziara ya dakika 90, ndani ya nyumba ya mawe na boriti yenye ghorofa moja juu, za namna zilizobaki Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze.

Mzuka, jini na koma: mjue unayemtaja

Ziara nyingi huharibika hapa kabla hazijaanza. Mgeni wa Ulaya huja na picha ya roho ya maiti inayozunguka pale mwenyewe alipofia. Kwa imani ya walio wengi Mji wa Kale, aliyekufa yuko barzakhi, yaani kati ya kifo na ufufuo, harudi kutembea ukumbini. Jini ni kiumbe mwingine kabisa: ana kabila lake, ana dini yake au hana, huoa, huzaa na hufa, na hupenda magofu, mapango, mibuyu, vyoo na nyumba zilizohamwa. Kibwengo ni wa baharini. Koma ni wazee waliotangulia wa jamaa zetu Wamijikenda, na miongoni mwa Wagiriama wale wa chama cha Gohu husimamishiwa vigango, nguzo za mbao za ukumbusho. Mzuka ndilo neno pana kuliko yote, nalo latokana na kuzuka: kitu kilichotokea ghafla na hujui ni nini.

Tumia mzuka unapozungumza kwa jumla, na jini pale tu hadithi yenyewe ni ya jini. Ukisema "koma wa Mreno" au "roho ya jini", mgeni wa hapa atajua papo hapo kwamba hadithi umeiokota kwingine.

Na usiite kitu. Hakuna kugonga meza, hakuna kuuliza chumba "uko hapo?", hakuna vibao vya herufi. Nusu ya kundi huenda ikachukulia ni mchezo, lakini nusu nyingine inaamini kwamba kinachoitwa huja, na itarudi nyumbani na hofu ambayo wewe huna dawa yake. Bibi wa nyumba ya mkabala akisikia mnaita, hutakanyaga tena kichochoro kile, na atakuwa na haki.

Usiku gani, saa ngapi

Anza baada ya Isha. Mombasa Isha huadhiniwa kati ya saa 1:15 na saa 2:00 usiku kulingana na majira, basi ukipanga kukutana saa 2:15 na kuingia saa 2:30, wanaoswali wamesharudi makwao na vichochoro vimetulia. Ukianza Magharibi utapita na kundi katikati ya watu wanaowahi Msikiti wa Mandhry, na adhana itakukata maneno mara mbili.

Kisha tazama mwezi wa Kiislamu kabla ya kalenda ya ukutani, hasa nyumba ikiwa upande wa bahari. Siku za bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa 10 au 11 alasiri na kupwa mnamo saa 4 au 5 usiku. Saa ya ziara bahari iko mbali, na kinachokufikia ni harufu ya tope. Tafuta mwezi 21 hadi 23. Hapo ni maji mafu, hayapandi sana, lakini hujaa kati ya saa 3 na saa 5 usiku, na mawimbi hugonga ukuta wa pwani wakati kundi liko ndani. Tena mwezi wenyewe hautoki mpaka usiku wa manane, kwa hivyo ua wa ndani ni giza tupu. Mwezi 14 ua ule ule huwa mweupe hata mtu asome gazeti.

Usiku wa kuamkia Ijumaa uache. Majumba mengi huchoma ubani na kusoma, si wakati wa kupitisha wageni wanaopiga mayowe. Ramadhani iache yote, kwa sababu ya tarawehe na kwa sababu mtaa huwa macho mpaka daku. Msiba ukitokea mtaani ahirisha hata kama watu wameshalipa, uwarudishie pesa. Masika, Aprili hadi Juni, sakafu za chokaa na madaraja ya ngazi za mawe huteleza. Ukilazimika, punguza kundi hadi watu 8.

Ukaguzi wa mchana

Ukaguzi huu hufanywa wiki moja kabla, na hurudiwa mchana wa siku yenyewe. Hapa usiharakishe.

Anza na dari. Chumba cha nyumba ya kale ni kirefu na chembamba kwa sababu boriti ya mkoko mara chache huvuka mita 3, na hiyo ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa, yaani sakafu nzito hata kabla hajasimama mtu. Boriti huoza kwanza ncha zake, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa ukuta wa chokaa hunyonya maji ya mvua na kuyaweka. Katikati inaweza kuonekana nzima kabisa na huku ncha imekuwa unga.

Chukua tochi, bisibisi bapa na ngazi ya fundi. Panda mpaka uso wako uwe karibu na ncha ya boriti, uimulike kwa ubavu, si kwa mbele, ili nyufa zitupe kivuli. Gonga kwa mpini. Boriti nzima hulia kavu, sauti ya juu, na bisibisi huteleza juu yake. Iliyokwisha hulia bubu, bisibisi huzama sentimita 2 bila kusukumwa, na unga wa kahawia humwagika kiganjani. Ukiona njia za udongo zinazopanda ukutani, hao ni mchwa, na uende ukatazame boriti ya pili na ya tatu kutoka hapo. Boriti moja mbovu: chumba cha juu yake kiingie watu 3 tu. Mbili zinazofuatana: chumba kifungwe, uite fundi, na ziara ibaki chini.

Hata dari ikiwa nzima, juu wasipande zaidi ya wageni 6 kwa zamu, nao wakae wakifuata kuta mbili ndefu, pale boriti zinapoegemea. Watu 12 waliosongamana katikati ya chumba kumtazama mwongozaji ndio mzigo mbaya kuliko wote, na ndivyo kila kundi linavyojipanga lisipoambiwa.

Ngazi pima kwa utepe, daraja kwa daraja. Tofauti inayozidi sentimita 2 kati ya daraja na lililofuata ni mahali pa kuanguka, maana mguu hukariri urefu wa madaraja mawili ya kwanza, kisha hautazami tena. Bandika ukingoni utepe mweupe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, ambao hutoka bila kung'oa chokaa. Usipigilie msumari na usipake rangi.

Stima: tafuta nyaya zilizovuliwa, soketi zilizolegea na ukuta wenye unyevu karibu navyo. Siku hizi wageni huja na vifaa vya kupimia nguvu ya sumaku ya umeme, wakiamini kinapolia pana mzuka. Katika nyumba za kale kifaa kile hulia karibu na nyaya chakavu. Kizungushe wewe mwenyewe mchana, na pale kinapolia pasiguswe na mtu mpaka fundi apaone.

Tafuta pia vitu vinavyotetemeka: pampu ya maji, jenereta ya duka la jirani, feni kubwa. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, alieleza jinsi feni iliyofungwa maabara ilivyotoa mtetemo wa karibu mara 19 kwa sekunde, chini ya kiwango cha sikio, na watu wakahisi ubaridi, wasiwasi na kuona kivuli pembeni ya jicho. Yakikupata hayo katika chumba kimoja tu, zima pampu kwanza ndipo uhukumu chumba.

Popo wakiwepo, usifagie mavi yao makavu. Vumbi lake laweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni. Lilowanishe, vaa barakoa, kisha kusanya. Bundi ukimkuta muache; lakini ujue mgeni wa Pwani akimwona ataikumbuka ishara aliyofundishwa na bibi yake, usimcheke. Kisima cha ndani kifunikwe kwa mbao zenye uzito ambao mtoto hawezi kuusogeza. Birika la chooni likiwa na maji, litazame kama lina viluwiluwi vya mbu. Zamani walifuga humo samaki wadogo wa kuvila, na ni desturi nzuri kuirudisha.

Mwisho, siku moja kabla, ingia peke yako saa 2:30 usiku, uketi dakika 20 kila chumba na uandike kila sauti. Mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa hunywea yanapopoa na hulia ta, ta, ta. Paka wa mtaa huruka kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango wenye bawaba chakavu husogea upepo wa bahari ukibadilika. Lazima uzijue zote, kwa sababu usiku wa ziara mgeni akishtuka atakutazama wewe usoni. Ukiwa huijui ile sauti, naye ataona.

Ruhusa na majirani

Mwongozaji wa watalii Kenya anahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na biashara yenyewe inahitaji kibali cha kaunti. Mji wa Kale uko chini ya uhifadhi, na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inalinda majengo yaliyoorodheshwa. Usibadilishe chochote, hata ndoana ya kutundikia kandili, bila idhini. Mapatano na mwenye nyumba yaandikwe: vyumba gani, saa ngapi, nani analipa kikivunjika kitu.

Majirani ni kazi kubwa kuliko karatasi. Siku 3 kabla, baada ya Alasiri, pita nyumba 3 za kulia, 3 za kushoto na zote za mkabala. Nenda mwanamume na mwanamke pamoja, maana nyumba nyingine saa ile zina wanawake peke yao. Piga hodi, simama kando ya mlango, usichungulie ndani, ngoja ukaribishwe. "Masalkheri, mamangu. Usiku wa Jumamosi tutakuwa na wageni 12 nyumba ya pili, tangu saa 2:30 mpaka saa 4. Tukizidisha sauti, mtume mtoto atwambie." Acha nambari ya simu. Uliza kama kuna mgonjwa au mtoto mchanga. Yupo mara nyingi, na hapo kundi litapita kwa kichochoro kingine. Watu wa hapa watakubali mengi wakiambiwa mapema.

Vifaa

Kandili 4 za betri zenye mwanga wa manjano, moja ya akiba. Moto wa wazi usiingie ndani ya nyumba ya boriti kavu, wala mishumaa "kwa picha tu". Tochi 2 kubwa za waongozaji na tochi ndogo 6 zilizofungwa karatasi nyekundu ya plastiki, moja kwa kila watu wawili. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mwanga mweupe wa simu moja huwarudisha wote mwanzo. Kizima moto cha unga cha kilo 6 kikae karibu na mlango. Sanduku la huduma ya kwanza, maji ya chupa 12, dawa ya mbu, na jozi 2 za kandambili kwa watakaokuja na visigino.

Ubani: punje moja ndogo, chetezo kimoja, uani palipo wazi, makaa yakiwa yameshakuwa majivu juu. Katika chumba kilichofungwa punje 3 zatosha kumkaba mwenye pumu. Tena harufu ya ubani mwingi usiku huambia mtaa kwamba kuna kisomo au kuna jambo, na watu watakuja kuuliza.

Hadithi tatu zatosha

Dakika 90 hubeba hadithi tatu vizuri. Ukifika ya tano hakuna anayekumbuka ya kwanza. Na kila moja ianze kwa neno linaloonyesha asili yake: "imeandikwa" kwa yenye ushahidi, "wasema" kwa ya mdomo. Usivunje mpaka huo hata usiku mmoja.

Ya kwanza iwe imeandikwa, na isimuliwe barazani, nje, kabla ya kuingia. Mombasa haina uhaba. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na Wareno na kubatizwa Jerónimo, aliingia ngome ya Fort Jesus na kumuua kapteni wake, kisha Wareno wa mji wakafuata. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome hiyo hiyo ilizingirwa na Waomani, na njaa na maradhi viliua ndani kuliko risasi. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela, ikabaki jela hadi 1958. Kama nyumba yako iko upande wa ngazi za Leven, chukua ya 1824: Kapteni Owen wa manowari Leven alimwacha hapa Luteni John James Reitz aongoze himaya changa ya Kiingereza, na mwaka huo huo Reitz akafa kwa homa. Himaya ikaisha 1826, jina la Reitz likabaki kwenye hori la Port Reitz. Au vukeni kwa macho mpaka ng'ambo ya Nyali, alikozikwa Rosine, mke wa mmishonari Krapf, Julai 1844, miezi michache baada ya kufika, na mtoto wake mchanga. Hii ya mwisho isimulie taratibu na kwa maneno machache. Ni msiba wa watu, na haitaki kutiwa chumvi.

Ya pili iwe ya wasemao. Ile ya mwanamke mrembo wa usiku, buibui limemkaa, manukato yanamtangulia, mpaka mtu atazame chini aone kwato za punda, kila mtoto wa Mombasa ameisikia. Kwa hiyo usiisimulie yote. Anza, fika pale kwenye manukato, nyamaza. Lazima mmoja kundini ataimalizia kwa namna ya mtaa wao, na mwingine atampinga. Usiwakatize.

Ya tatu ni ya nyumba yenyewe, na itoke kwenye kitu kinachogusika: kidaka ukutani kilichotiwa weusi na moshi wa taa, kizingiti kilicholika katikati, chumba cha ndani ambamo watu walizaliwa, wakafungishwa ndoa na wakaoshwa maiti, yote chini ya boriti zile zile. Mpe mgeni mmoja kandili aishike karibu na kidaka kwa ubavu. Alama za vidole vya mpiga chokaa hutokea, mistari mitano mitano, ya mkono uliokwisha zamani. Hapo usiseme kitu kwa muda.

Mawili ya kuepuka. Kwanza, usitaje jina la ukoo wowote unaoishi mtaani, wala usiweke mzuka katika nyumba yenye watu. Ukiitangaza nyumba kuwa ina jini, binti wa pale huenda asiposwe. Pili, kila shimo na kila handaki la Pwani siku hizi hubandikwa jina la shimo la watumwa. Utumwa ulikuwepo, Freretown ng'ambo ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya walioachiliwa, na mateso yale hayastahili kutumiwa kutia watu msisimko mahali pasipo na ushahidi. Kama huna ushahidi wa chumba hicho, kiite ghala.

Usiku wenyewe

Saa 2:15, kutana mbele ya lango la Fort Jesus, penye mwanga na ambapo tuktuk hufika. Hesabu watu, mpe kila mtu nambari, ambayo ndiyo atakayoitikia usiku kucha. Simu zizimwe mlio na ziwekwe mfukoni. Picha ni mwishoni, na hakuna kupiga picha za watu wa mtaani. Uliza mmoja mmoja, kando: pumu, kifafa, moyo, mimba, hofu ya giza, au aliyewahi kupandisha pepo. Watoto chini ya miaka 10 wasiingie.

Waongozaji wawe wawili. Mmoja mbele anasimulia. Mwingine nyuma hasimulii lolote. Anahesabu, anafunga milango, anatazama nyuso. Huyu wa nyuma ndiye anayesimamisha ziara akiona haja, na wa mbele hana ruhusa ya kubishana naye.

Saa 2:30, barazani, hadithi ya kwanza, dakika 15, tochi nyekundu zikiwa zimewashwa ili macho yaanze kuzoea. Kisha piga hodi kwenye mlango, mara tatu, ijapokuwa nyumba ni tupu. Ni adabu ya hapa, na Mwislamu husalimu hata nyumba isiyo na watu. Ngoja baada ya kila hodi. Kundi zima hunyamaza lenyewe.

Ndani, ukumbini, dakika 10 za kuielewa nyumba: mlango uko wapi, ngazi iko wapi, wapi hapakanyagwi. Sema mapema kwamba mtu yeyote akisema "basi", atatolewa nje papo hapo bila maswali. Uani, hadithi ya pili, dakika 15. Kisha nusu ya kundi ipande na wa mbele, nusu ibaki uani na wa nyuma, halafu wabadilishane. Hadithi ya kidaka isimuliwe mara mbili, kwa kila nusu, dakika 10.

Giza lije mwisho, chini, ukumbini, wote wakiwa wameketi na migongo ukutani. Kuketi ni lazima: aliyesimama gizani hupoteza mizani na kumshika wa pembeni, na ukelele wa mmoja huwa wa wote. Zima zote. Dakika 4, usizidishe. Dakika ya kwanza watu hucheka pumzi, ya pili husikia damu ya masikio yao, ya tatu mabati yanalia juu na mtu anavuta miguu yake. Macho hapo huona vyema zaidi pembeni kuliko mbele, kwa hivyo vivuli hutokea ubavuni na kutoweka vikitazamwa. Mwongozaji akae kimya kabisa. Asikohoe kwa makusudi, asirushe kijiwe, asipitishe kamba shingoni mwa mtu. Mgeni akigundua hila moja, hukanusha na yale ya kweli aliyoyasikia.

Dakika 4 zikiisha, usiwashe ghafla. Ita nambari: moja, mbili, tatu, kila mtu aitikie pale alipo. Ndipo kandili moja iwashwe ikiwa imeelekezwa ukutani. Waulize walisikia nini, na jibu la kila sauti unayoijua litoe waziwazi: hayo ni mabati, huyo ni paka. Sauti usiyoijua sema huijui.

Yakiharibika

Stima ikipotea mtaa mzima, endelea, betri unazo. Lakini wa nyuma awahi ngazini na tochi kubwa kwanza, maana watu hukimbilia mlango.

Mtu akishikwa na hofu, pumzi zikamjia fupi fupi, mtoe mpaka barazani, aketi, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na aishushe kwa hesabu ya 6, maji kidogo kidogo. Mwenzake mmoja tu abaki naye.

Mtu akipandisha, akaanguka, akabadili sauti au akalia kwa lugha isiyoeleweka, ziara imekwisha hapo. Wa mbele awatoe wengine wote mpaka barabarani. Wa nyuma abaki. Akiwa ni mwanamke, wabaki naye wanawake wawili, wamfunike leso, wamwondolee vitu vya kuumizia karibu, asibanwe mikono. Ubani uzimwe. Piga simu kwa jamaa zake, wao wanajua desturi yake na kama ana ugonjwa. Anayetaka kumsomea asubiri ruhusa yao. Hakuna simu ya kurekodi, hata moja. Mwili ukikakamaa na kutetemeka, hiyo chukulia ni kifafa: mlaze kwa ubavu, na ikizidi dakika 5 mpeleke hospitali.

Aliyevunjika mguu msimngojee gari kichochoroni, halipiti. Mfungeni mguu kwa ubao, mbebeni kwa kiti cha mbao mpaka Ndia Kuu, huku mmoja ameshapiga 999 na mwingine yuko lango la Fort Jesus kuelekeza gari. Jaribuni njia hiyo mchana na mtu mzima akiwa kitini, mjue ni kona ipi inawanasa.

Wanaume wa baraza ya jirani wakija kulalamika, anayewajibu ni yule aliyepita hodi siku ile, si mgeni wala kijana wa tochi. Asalimu kwanza, asikilize mpaka mwisho, na kundi literemshe sauti huku akisikiliza.

Saa 4 hesabu watu mlangoni kwa nambari zao, kisha tena mbele ya Fort Jesus, na usiondoke mpaka wa mwisho apande tuktuk. Rudini wawili: makaa ya chetezo yamwagiwe maji mpaka yasitoe mvuke, kila chumba kimulikwe, tepe za ngazi zibanduliwe zingali na unyevu wa usiku, kifuniko cha kisima kijaribiwe kwa mguu, mlango ufungwe. Asubuhi mmoja arudi kufagia daka, yaani nafasi ya mlangoni, na kichochoro, chupa zote ziokotwe, na apeleke birika la kahawa na haluwa kwa mzee wa nyumba ya mkabala, amuulize kama usiku ule alilala vizuri.